Nakupata, Endelea

9 Februari

Mdogo wangu,

Salaam nyingi zikufikie wewe na wifi. Natumaini hamjambo na wajukuu wanakula wanachopikiwa. Mimi mzima, ila goti la kushoto limejifanya mtabiri wa mvua. Masikio yako je? Barua iliyopita ulisema la kulia bado linakamata mlango ukigongwa kwa nguvu. Nilikupigia simu juzi, akapokea mjukuu, akasema "Babu hasikii," akakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nina shida, na ni ya kazi yako. Unaikumbuka ile skana, redio ya kunasa mazungumzo ya magari, uliyotuletea marehemu shemeji yako alipokuwa dereva wa ambulansi, ili nisikie yuko wapi na nijue chakula nikiweke jikoni au nikifunike? Tangu tumzike sijaizima. Sababu unaijua. Mwanangu Kasuku yuko pale kituoni alikokuwa baba yake, ndiye anayepokea miito na kuyatuma magari. Kwangu haji, simu yangu hapokei, na alikohamia hajaniambia. Lakini akiwa zamu, yumo jikoni mwangu. Dereva akiita, yeye hujibu, "Nakupata, endelea." Basi mimi naendelea. Namenya vitunguu namwambia habari za mtaani, namwambia paka kazaa tena kwenye kabati la baba yake. Majirani wakinisikia watasema nimerukwa na akili, na waseme.

Sasa wamebadilisha redio. Mzee Breki, yule aliyekuwa akiendesha zamu moja na shemeji yako, amekuja kuniambia kwamba wamepewa mitambo mipya na wamehamia masafa mengine, ya juu sana. Akaniandikia namba zake kwenye kiganja maana karatasi haikuwepo karibu. Nimezibonyeza kwenye skana, ikalia ule mlio wake wa kukataa, ikaandika kosa. Pale pa zamani hapana hata mkwaruzo.

Inawezekana kuifanya isikie huko? Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji ikipumua.

Dada yako

*

20 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema pole kwa goti. Sikio la kulia nalo limeaga. Sasa hivi hata ukilipua baruti nyuma yangu nitakuuliza kwa nini moshi. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba kusikia hakutarudi, kisha akaendelea kuniambia mambo kwa mdomo dakika nzima, na mimi nikawa namwitikia kwa kichwa. Meseji za simu nimeshindwa, kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Barua ni nzuri. Kwenye barua wote tunasikia sawa.

Skana yako inawezekana. Nataka uelewe, ili usidhani ni uchawi. Redio ile ina uwezo wa kusikia mbali kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Kiwandani wanaitengeneza ya aina moja, kisha wanaizuia kusikia sehemu fulani kwa sababu nchi hii imekataza na ile imekubali. Kizuizi chenyewe ni daiodi, kidude kidogo kuliko punje ya mchele, kimeunganishwa kwenye ile sahani ya kijani ndani. Daiodi ile ndiyo inayoiambia skana, huku usiguse. Ukiiinua mguu mmoja, ukawasha upya, inasahau kwamba ilikatazwa. Lakini ukikosea daiodi ya jirani yake, umebaki na kizuizi cha mlango. Kwa hiyo usimpe fundi yeyote wa huko, hasa hao wanaotengeneza simu na kuuza maandazi meza moja.

Itume kwa basi. Niandikie na zile namba. Siku hizi nafanya kazi kwa macho, kwa mita, na kwa kiganja. Nikiweka mkono kwenye spika najua kama inasema.

Na Kasuku, dada, hamjamaliza tu? Ni mwaka wa pili.

Mdogo wako, Fundi

*

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa sikio. Nimesoma ile ya baruti nikacheka, halafu nikakaa nikalia, na sijui kipi kilianza kwisha.

Skana imeondoka na basi la leo asubuhi, nimeivisha sweta mbili. Kondakta kauliza ni mtoto au mzigo.

Kuhusu Kasuku. Unajua yalivyokuwa, kwa hiyo usiniulize kama hakimu. Baba yake alipozidiwa ndiye aliyesema asiambiwe, yuko mafunzoni mbali, ataacha mitihani arudi kumshika mkono. Nikatii. Alirudi akakuta kaburi limeshapandwa maua. Akaniambia, "Mama, uliniibia sauti yake ya mwisho." Na mimi sitasema nilikosea, kwa sababu ningemtii mume wangu tena. Lakini nimemfuata mara mbili pale kazini kwake. Mara zote askari wa langoni aliniambia hayupo, na mimi nimetoka nyumbani nikimsikia kwa masikio yangu akituma gari hospitali ya wazazi. Nikamwambia askari, baba, ukidanganya angalia basi unamdanganya nani. Sitarudi tena kusimama langoni kama muuza vitana.

Nitamsikiliza tu. Hilo hawezi kunikataza.

Fanya upesi. Hapo rafuni palipokuwa na skana nimeweka kopo la chumvi, na kila nikipita mkono unakwenda kukizungusha kifuniko.

Dada yako

*

25 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Sisi wazima, isipokuwa mtoto wangu wa kiume amenitangazia kwamba duka langu litakuwa lake kuanzia mwezi ujao. Anataka kuuza makava ya simu. Sikumbishia. Nani ataleta redio kwa kiziwi?

Kwa hiyo hii skana yako ndiyo kazi yangu ya mwisho, na nimeifanya kama ya kwanza. Nimeifungua mchana kweupe mezani kwangu, nikavaa lenzi, nikatafuta daiodi. Kulikuwa na nne zimepangana kama meno ya mtoto. Ya tatu ndiyo yenyewe. Nikaigusa kwa chuma cha moto cha soldaringi, ikalegea, nikaiinua mguu kwa ncha ya sindano ya wifi yako. Sikuikata, ili siku ukitaka irudishwe. Nikawasha, nikabonyeza namba zile za Mzee Breki. Skana haikuandika kosa, dada. Ikazipokea.

Halafu nikaijaribu. Huku kwetu nako ambulansi wamepewa mitambo kama hiyo ya kwenu, masafa yamekaribiana. Nikaitafuta, nikakaa nikitazama mita. Mara sindano ya mita ikaruka juu, ikacheza, ikalala. Ikaruka tena. Nikaweka kiganja kwenye spika, kikatetemeka kama ninamshika mtu kifuani anaposema. Mwanangu alitaka kuja kusikiliza nikamfukuza na kitambaa. Hii ilikuwa ya mikono yangu. Nilikaa vile muda mrefu, watu wakisema ndani ya kiganja changu. Sikuona haya, nililia.

Imo kwenye basi la Ijumaa. Ukimsikia Kasuku niandikie anachosema, neno kwa neno. Mimi sauti yake ya mwisho ninayoikumbuka ana meno ya utotoni, anabishana na kuku.

Mdogo wako, Fundi

*

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimepokea mzigo salama. Mzee Breki alikuwepo, akanisaidia kuiweka rafuni na kuvuta antena mpaka dirishani.

Inapokea. Mikono yako haijazeeka.

Kasuku yupo. Anasema kama kawaida yake, "Nakupata, endelea." Leo mvua, nguo hazikukauka. Paka amehamisha watoto wake chini ya kitanda changu. Nisalimie wifi, na umwambie mwanao huyo wa makava asiitupe meza yako.

Dada yako

*

17 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Nimemwonyesha mwanangu, nikamwonyesha jirani, nikamwonyesha daktari wa masikio nilipokwenda kuchukua cheti. Nikamwambia kwa sauti ambayo sijui ilikuwa kubwa kiasi gani maana wagonjwa wote waligeuka, nikamwambia, mimi ninayeandikiwa hapa nimemfanya mama amsikie mwanawe.

Meza haikutupwa. Ninakaa kwenye meza yangu, yeye anauza makava kwenye kaunta. Watu wakiniuliza bei nawatabasamia.

Lakini barua yenyewe fupi hivyo! Wewe uliyeniandikia kurasa tatu kuhusu jongoo. Niambie zaidi. Sauti ikoje, imekuwa ya mtu mzima? Amechoka? Anacheka na madereva? Dada, niazime masikio yako kidogo.

Mdogo wako, Fundi

*

5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe ufupi wa ile. Nilikuwa na kazi.

Haya, nikuazime. Sauti imekua, imeshuka kidogo, kama ya mama yetu alivyokuwa akiwaita watu mezani. Na madereva hacheki nao sana ila mmoja, yule mwenye kigugumizi, humsubiri amalize wala hamkatizi. Siku hizi ana mafua. Unajua vumbi la miezi hii linavyompiga tangu mdogo, basi anazungumza puani, herufi zote zimeziba. Nimemwambia achemshe maji ajifukize. Bila shaka hakunisikia.

Nawe ujifunike kifua. Makohozi hayahitaji masikio.

Dada yako

*

11 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi kukujulia hali. Nimekaa na barua hii ya Kasuku siku kadhaa, nikikusubiri uandike wewe kwanza. Hukuandika. Basi naandika mimi, na nimekasirika.

Nilikuficha jambo. Baada ya ile barua yako ya mafua, nilimwandikia mtoto kwa anwani ya kazini kwake. Nilimwambia, mama yako hajawahi kuizima skana hata siku moja tangu azikwe baba yako. Nilimwambia kila ukisema "Nakupata, endelea," anaendelea, anakuambia habari za paka. Nikamwambia walipohamia masafa mapya aliumwa na kimya, mpaka mimi mjomba wako nikaifungua skana, na sasa anakusikia tena, anajua hata kwamba una mafua. Nikamwomba aseme neno moja tu hewani kwa ajili yako. Nilitaka ikushtue uko unamenya vitunguu. Ndiyo maana nilinyamaza.

Amenijibu. Nakunakilia, kwa sababu karatasi yenyewe siwezi kuiachia mkono.

"Mjomba, shikamoo. Barua yako niliisoma chooni kazini ili wasinione. Sisi huku tuliambiwa redio hizi mpya hakuna mtu wa nje anayezisikia. Lakini wewe ni fundi na umesema. Na kweli nilikuwa na mafua wiki zile, na hakuna niliyemwambia, kwa hiyo nikaamini. Nimeacha kazi, nimepata nyingine ng'ambo, hospitali. Zamu yangu ya mwisho ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Juni. Nilimwomba mkubwa wangu anipe nafasi hewani, akakubali, madereva wote wakanyamaza. Nikasema na mama. Nilimwambia kila kitu, hata ya baba, hata ya langoni, kwamba nilikuwa ndani namwona kwenye kioo cha dirisha na sikutoka. Nikamwambia Jumapili nitakuwa stendi kuu asubuhi, benchi la chini ya saa, na kama amenisamehe aje, na kama hajanisamehe aje tu anitukane. Mwisho nikasema, 'Mama, unanipata?' Nikaachia kitufe nikasubiri. Najua skana haijibu, mjomba. Nilisubiri tu. Jumapili nikakaa pale benchini. Basi la kwanza nikaliacha likaenda, nikapanda la pili. Mwambie sina kinyongo. Nimeelewa. Naiandika hii njiani, na huko niendako nisitafutwe, nataka kuanza upya."

Dada. Mtoto alivua nguo mbele ya madereva wote wa mji, na wewe ukakaa na vitunguu vyako? Ulimfuata mara mbili langoni, yeye akakuita mara moja tu, ukampigia hesabu? Kama goti lilikuuma ungekodi teksi. Sikukufungulia ile redio ili umsikilize mtoto akikulilia halafu usimame umpe mgongo.

Niambie kwa nini. Hilo tu.

Mdogo wako

*

20 Julai

Mdogo wangu,

Sijambo, na sitakuuliza hali yako kwa sababu najua nitakavyoiharibu.

Sikumsikia.

Sijawahi kumsikia. Siku mzigo ulipofika, Mzee Breki aliiwasha, tukabonyeza namba, ikapokea kama ulivyosema. Tukasubiri. Kikatoka kitu kama maji yanayochemka ndani ya mtungi, mngurumo tu, kikakatika, kikarudi. Nikasema antena. Tukaivuta dirishani, tukaipandisha juu ya bati. Mngurumo uleule. Ndipo Breki akaenda kuuliza kwa vijana wake wa zamani, akarudi na sura ya msibani. Mitambo mipya haitoi sauti. Inaikata sauti vipande vidogo vidogo, inaigeuza namba, na ni redio yao wenyewe tu inayojua kuiunga tena. Daiodi yako haina kosa. Sindano ilicheza kweli, spika ilitetemeka kweli, kwa hiyo ulichoshika kwenye kiganja kilikuwa watu wakisema. Ila mlango uliofungua, humo ndani hawasemi lugha ya watu. Mwenye masikio angejua mara moja. Wewe ulimfukuza mwanao na kitambaa.

Sikulaumu. Ulikuwa umeniandikia kwamba ni kazi yako ya mwisho na kwamba umelia. Ningekuambiaje? Nikasema neno moja dogo, inapokea, na hilo lilikuwa kweli. Kisha ukataka masikio yangu, nikakupa niliyokuwa nayo. Sauti ya mama yetu nilikisia. Yule wa kigugumizi namjua tangu zamani. Mafua nayo, mdogo wangu, mafua sikuyasikia kokote. Nilitazama nje nikaona vumbi, nikajua mwanangu ana mafua. Nimemzaa.

Barua yako ilipofika nilikwenda stendi. Nilijua haina maana, nilikwenda tu. Benchi la chini ya saa lipo, alikuwa amelala mtu juu yake. Kisha nikaenda langoni kwao. Askari ni yuleyule. Akasema hayupo, na safari hii hakudanganya. Nikamwomba aniitie mkubwa wao. Mkubwa ni mama wa makamo, mpole, akanishika mikono akasema, "Kwa hiyo hukuja kwa sababu hukusikia?" Nikamwitikia kwa kichwa kama wewe kwa daktari wako. Akaniuliza kama nataka anisimulie aliyoyasema. Nikakataa. Nataka ya mwanangu, sitaki ya kusimuliwa. Sasa najua alichonilaumu siku ile kaburini. Anakokwenda hakumwachia mtu yeyote, na namba ya simu aliirudisha pamoja na sare.

Kama atakuandikia tena, mwambie. Lakini hatakuandikia. Umesoma mwenyewe, ameelewa.

Nimalizie moja, maana wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia. Ile skana sikuizima. Nilizoea ule mngurumo. Ukija mfupi nilijiambia huyo ni Kasuku, anasema nakupata, endelea, na mimi naendelea. Nikapata uhakika kabisa wa kumtambua. Alhamisi ile naikumbuka vizuri. Nilikuwa jikoni, jirani amesimama mlangoni ananisimulia habari za mwanawe anayeoa. Mngurumo ukaanza, haukukatika. Mrefu, mrefu, sijapata kuusikia hivyo. Nikasema huyu si Kasuku, Kasuku husema maneno mawili tu hewani, huyu ni bosi fulani anahutubia. Na jirani nilikuwa simsikii vizuri.

Nikainuka, nikaipunguza skana sauti.

Nisalimie wifi.

Dada yako